Bendi ni Jina au ni Watu?

Ubishi juu ya bendi za muziki wa dansi ni ubishi wa siku nyingi katika nchi yetu. Watu wazima wenye heshima zao, ambao wamekwisha kupatana juu ya bei ya mchele, juu ya posa ya binti na juu ya mahali pa kuchimba kisima, huweza kukesha wakibishana juu ya swali moja tu: ni Msondo ipi iliyokuwa Msondo ya kweli? Mmoja atasema ni ile ya miaka ya NUTA, na kwamba iliyofuata baada ya hapo ilikuwa kivuli. Wa pili atasema ni ile ya JUWATA, iliyomlea Moshi William. Wa tatu atadai kwamba Msondo ilikwisha siku Muhidin Maalim Gurumo alipoondoka, na kwamba aliporudi, ilifufuka. Wa nne, naye ni mpenzi wa Sikinde, atacheka na kusema kwamba sauti zote njema zilikuja kwao, na wenzake wamebaki na ngoma tupu.

Nia yetu katika makala haya si kuamua nani mshindi. Tunataka kuonyesha kwamba ndani ya ubishi huu, ambao wengi huudhani kuwa ni porojo za barazani, yamo maswali mawili mazito. La kwanza ni la kifalsafa: kitu kinachobadilishwa sehemu zake zote hubakije kuwa kitu kilekile? La pili ni la maadili: tuna deni gani kwa wale watu ambao kwa jasho lao kitu hicho kilidumu? Tutaona kwamba hatuwezi kulijibu la pili bila ya kulijibu la kwanza.

Mabadiliko Yenyewe

Yafaa tuanze na mambo yaliyotukia. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi cha NUTA kilianzisha bendi yake jijini Dar es Salaam, ikaitwa NUTA Jazz. Vyombo vilikuwa mali ya chama, na wanamuziki walikuwa waajiriwa wake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 NUTA ilipotoa nafasi kwa Jumuiya ya Wafanyakazi Tanzania, bendi nayo ikawa JUWATA Jazz. Jumuiya hiyo ilipofuatiwa na OTTU mwanzoni mwa miaka ya 1990, bendi ikabadili jina tena, ikawa OTTU Jazz. Hatimaye ikaja kujulikana kwa jina la mtindo wake, Msondo Ngoma. Neno msondo lenyewe, kama wanafunzi wengi wajuavyo, ni jina la ngoma ndefu ya jadi.

Wakati majina yakibadilika, watu nao walikuwa wakihama. Mwaka 1978 ilianzishwa Mlimani Park Orchestra, ambayo baadaye ilikuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, na ambayo mtindo wake ni Sikinde. Gurumo, aliyekuwa NUTA tangu mwaka ule wa 1964, alihamia huko. Mwaka 1985 alihama tena, akaenda Orchestra Safari Sound. Baadaye alirejea katika bendi yake ya zamani, akasimama jukwaa moja na Moshi William, kijana wa enzi ya JUWATA ambaye kwa wapenzi wengi ndiye aliyekwisha kuwa sauti ya Msondo. Hassan Rehani Bitchuka naye aliimba pande zote mbili. Shaaban Dede, aliyefariki mwaka 2017, aliimba kwa nyakati mbalimbali katika Msondo, katika Mlimani Park na katika Bima Lee. Lakini wapo pia waliokaa. Said Mabera, mpiga gita la solo, alijiunga na NUTA Jazz mwaka 1973, akaendelea kulipiga gita hilo kwa miongo mingi huku majina na waimbaji wakipita mbele yake.

Tukumbuke vilevile jinsi muziki huu ulivyowafikia watu. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri. Santuri nyingi za bendi zetu zilitengenezwa Nairobi. Nyimbo nyingi zilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, zikahifadhiwa katika kanda za redio, na wasikilizaji wakazipokea moja moja hewani. Ndiyo maana wapenzi wa dansi hawakuzoea kuhesabu maisha ya bendi kwa santuri, kama wafanyavyo wapenzi wa muziki katika nchi nyingine. Walihesabu kwa sauti. Mtu husema, “Wimbo ule ni wa wakati wa fulani,” akimaanisha mwimbaji. Basi mwimbaji alipohama, palikuwa kama pamefungwa kitabu.

Jibu la Jina, la Watu na la Mtindo

Mafundi wa majahazi wa pwani yetu wanalijua fumbo hili kwa mikono yao. Jahazi likikaa majini miaka mingi, ubao mmoja huoza, ukabadilishwa. Mwaka wa pili hubadilishwa mlingoti. Mwaka wa tano, mkuku. Ikifika siku ambayo hapana hata ubao mmoja wa asili, nahodha bado huliita jahazi lake kwa jina lilelile, na hapana anayemwambia kwamba anasema uongo. Wayunani wa kale waliuliza swali hilohilo juu ya merikebu ya shujaa wao Theseus. Nasi tunaweza kuliuliza juu ya shule zetu. Shule ya sekondari hubadilisha wanafunzi wake wote wa kidato cha kwanza mpaka cha nne katika miaka minne tu, walimu huhamishwa, majengo hujengwa upya, hata hivyo mtu aliyesoma hapo miaka thelathini iliyopita hurudi na kusema, “Hii ndiyo shule yangu.” Je, anakosea?

Watu wanaobishana juu ya bendi hutoa majibu ya aina tatu, ijapokuwa wenyewe hawayapangi hivyo. Tuyapime moja baada ya jingine.

Jibu la kwanza ni kwamba bendi ni jina lake. Jibu hili ni jepesi, lakini halisimami. NUTA Jazz ilibadili jina mara kadhaa, na wasikilizaji wake hawakupata shida ya kuitambua. Kwa upande mwingine, Orchestra Safari Sound ilibaki na jina lake, lakini mtu aliyeizoea katika enzi ya Ndala Kasheba na mtindo wa Masantula, akaja kuisikia tena Gurumo na wenzake walipoingia na mtindo wa Ndekule, alikuwa anasikiliza muziki mwingine. Kwa hiyo jina linaweza kuondoka na bendi ikabaki, tena linaweza kubaki na bendi ikawa nyingine. Jina ni kama kibandiko juu ya chupa: hutuarifu kilichomo, lakini halikifanyi kiwemo.

Jibu la pili ni kwamba bendi ni watu wake, na hasa yule mmoja aliye mbele ya wote. Hili lina nguvu zaidi. Mbaraka Mwinshehe alipoiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuunda Super Volcano, mapenzi ya wasikilizaji wengi yalimfuata yeye, wala hayakubaki na jina alilolipa umaarufu. Alipofariki katika ajali ya gari nchini Kenya mwezi Januari 1979, watu walimlilia Mbaraka, hawakulilia bendi. Lakini tukilikubali jibu hili lote, tutashindwa kueleza mambo mengine yaliyo wazi. Salum Abdallah aliyeianzisha Cuban Marimba mjini Morogoro alifariki mwaka 1965, bendi ikaendelea chini ya Juma Kilaza na kutoa nyimbo ambazo watu walizipenda kwa haki yake. Na huko Unguja, kikundi cha taarabu cha Nadi Ikhwan Safaa kilianzishwa mwaka 1905. Waasisi wake wote wamekwisha kutangulia mbele ya haki zamani, nacho kingali kikipiga taarabu. Kama kikundi ni watu wake tu, basi Ikhwan Safaa ilikwisha kuzikwa mara nyingi, na wale wanaokutana leo ni wageni waliookota jina njiani. Hapana Mzanzibari atakayelikubali neno hilo.

Jibu la tatu ni kwamba bendi ni mtindo wake. Wajuzi wengi wa dansi hulipenda jibu hili, maana bendi zetu zilishindana kwa mitindo na kila moja ilijivunia wake. Lakini mtindo nao si jiwe. Vijana Jazz peke yake ilipita katika Koka Koka, Kamata Sukuma, Takatuka na Pambamoto, wala hapana aliyesema kwamba hizo ni bendi nne. Tena mtindo waweza kuigwa. Vijana watano hodari wakikaa chumbani na kanda za zamani za redio, wakajifunza kila pigo la gita na kila mlio wa tarumbeta, watapiga kama NUTA ya mwaka 1970. Lakini hawatakuwa NUTA.

Kamba na Nyuzi Zake

Sasa ni kipi basi kinachobaki? Sisi tunaona kwamba jibu limo katika jambo ambalo majibu yote matatu yameligusa bila ya kulishika, nalo ni kurithishana. Tuitazame kamba ya makumbi ya nazi inayosokotwa pwani. Kamba inaweza kuwa na urefu wa pima ishirini, na hali hapana uzi hata mmoja ndani yake uliofika urefu wa mkono. Hakuna uzi unaotoka mwanzo wa kamba mpaka mwisho wake. Kamba haikatiki kwa sababu kabla uzi mmoja haujaisha, mwingine umekwisha kusokotwa pamoja nao.

Hivi ndivyo bendi inavyodumu. Msondo ilibaki kuwa Msondo kwa sababu Mabera aliingia wakati wakubwa wake wangalipo, akajifunza kwao. Kwa sababu Moshi William aliingia Mabera akiwapo. Na kwa sababu waliomfuata Moshi, aliyefariki mwaka 2006, walisimama kando yake kabla hajaondoka. Kilichopokezanwa ni zaidi ya nyimbo. Ni namna ya kumsubiri mwenzako amalize pigo lake, namna ya kuingiza tarumbeta bila ya kumfunika mwimbaji, namna ya kupanga hadithi ndani ya wimbo ili msikilizaji apate onyo bila ya kutukanwa. Mambo haya hayamo yote ndani ya kanda. Hujifunza mtu kwa mtu, mazoezini, kwa kukosolewa. Ndiyo sababu wale vijana watano wa chumbani, hata wakipiga sawasawa kabisa, wangali wajina tu wa bendi ile. Hapana aliyewakabidhi kitu.

Mtu mwenye busara aweza kutupinga hapa. Atasema: “Ikiwa bendi ni kurithishana, basi hata Sikinde ni Msondo, maana Gurumo na wenziwe walichukua kule ujuzi walioupata huku.” Pingamizi hili ni la haki, nasi tunalikubali kwa sehemu kubwa. Kamba yaweza kuachanishwa ncha yake zikasokotwa kamba mbili, na kila moja ikawa na nyuzi za ile ya kwanza. Lakini kutoka hapo kila moja husokotewa nyuzi zake. Mlimani Park ilipata mafunzo ya King Michael Enoch, ilipata sauti ya Cosmas Chidumule, ikajenga utaratibu wake. Kwa hiyo kuuliza ipi kati ya hizo mbili ndiyo ya kweli ni kama kuuliza yupi kati ya ndugu wawili ndiye mtoto halali wa nyumba, hali wote wawili walizaliwa ndani yake. Ushindani wa Msondo na Sikinde, ambao watu huulinganisha na ule wa Simba na Yanga, ulikuwa ushindani wa ndugu, na kwa sababu hiyo ulikuwa mkali, tena uliwafaa wote wawili.

Lawama ya Usaliti

Tukilikubali jibu hilo, mambo kadhaa ya maadili yanafuata. La kwanza ni lile neno “msaliti” ambalo wapenzi wa muziki hawakuona taabu kumtwika mwanamuziki aliyehama.

Tusilipuuze. Mpenzi wa bendi hutoa kitu cha kweli: fedha yake mlangoni, usiku wake, pengine na ugomvi nyumbani. Mwimbaji aliyempa maneno ya kumfariji wakati wa msiba huonekana kwake kuwa ndugu. Ndugu akiondoka bila ya kuaga, moyo huuma. Tena yapo maondoko ambayo ni mabaya kweli. Kundi likihama kwa makusudi ya kuivunja bendi iliyowalea, wakaiacha siku ya onyesho bila ya mpiga besi, hapo pametendeka ubaya, naye aliyetenda hana budi kuujibu.

Lakini kuhama kwenyewe si usaliti. Mwanamuziki wa siku zile alikuwa mfanyakazi. Gita alilolipiga halikuwa lake. Tarumbeta haikuwa yake. Hata jina lililotangazwa redioni kabla ya wimbo wake lilikuwa la bendi. Alipoondoka aliondoka na koo lake na vidole vyake. Mwalimu akihamia shule nyingine yenye nyumba bora, humwambii kuwa ni msaliti wa darasa lake la zamani; mtamfanyia karamu ya kumuaga. Karani akipata mshahara mzuri zaidi katika shirika jingine, hupewa hongera. Kwa nini basi mwimbaji peke yake ndiye atakiwe kukaa na njaa kwa heshima ya jina? Ni kwa sababu tunachanganya kupenda na kumiliki. Aliyependa sauti hudhani kwamba ameinunua. Na asiyetaka kumwona mwanamuziki kuwa ni mtu mwenye watoto na kodi ya nyumba humpenda kama apendavyo redio yake.

Jambo la pili linamhusu anayeingia. Mwimbaji mpya anaposimama mahali aliposimama mkubwa aliyeondoka, wasikilizaji humpa mtihani usioshindika. Akiimba kama yule wa kwanza, husemwa kuwa kasuku. Akiimba kwa namna yake, husemwa kuwa ameiharibu bendi. Sisi twaona kwamba haki yake ni kupimwa kwa maswali mawili tu: je, amejifunza kwa waliomtangulia? Na je, ameongeza kitu? Atakayekosa la kwanza hana urithi, na atakayekosa la pili hatakuwa na cha kurithisha. Mitindo tunayoililia leo ilikuwa mipya siku moja, na walioianzisha nao waliambiwa na wazee wao kwamba wanapiga makelele.

Mcheza Kwao Hutunzwa

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote. Ikiwa kamba hudumu kwa sababu ya nyuzi, ni uzi unaochakaa. Jina la bendi halizeeki, halipati maradhi ya kifua kwa kupuliza saksafoni miaka arobaini, wala halidaiwi ada ya shule. Watu ndio wanaopatwa na hayo. Kwa muda mrefu sisi tumelipa jina utukufu na kumwachia mtu gharama.

Gurumo alistaafu muziki mwaka 2013, baada ya takriban nusu karne ya kuimba, na ikaelezwa hadharani kwamba katika muda wote huo hakupata kumiliki gari. Aliyemzawadia gari mwaka huohuo alikuwa kijana wa muziki wa kizazi kipya, Diamond Platnumz. Mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili, mzee huyo alifariki. Zawadi ile ilikuwa njema, na ni heshima kwa kijana aliyetambua kwamba hata kamba yake ilianzia mbali. Lakini zawadi ni hisani, na hisani haitoshi mahali palipo na deni. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wanamuziki hawa walicheza kwao. Walitupigia katika sherehe za taifa, walitufundisha adabu ya ndoa, walituonya juu ya ulevi na majivuno, na Kiswahili chao kilivuka mipaka ya nchi. Swali la kutunzwa kwao ni swali la haki.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 imeweka msingi wa kumtambua mtunzi na mpigaji. Hata hivyo sheria humsaidia yule ambaye jina lake linajulikana. Na hapa ubishi wetu wa barazani unageuka kuwa na faida kubwa. Wale wazee wanaokesha wakibishana nani aliimba, nani alipiga rithimu na ni mwaka gani, ndio waliotunza kumbukumbu ambayo mara nyingi haikuandikwa mahali popote. Wanapozeeka wao, kumbukumbu nayo inazeeka.

Hitimisho

Tumesema kwamba bendi si jina tupu, wala si mtu mmoja, wala si mtindo uliogandishwa. Ni kazi inayopita kutoka mkono hadi mkono, na huendelea kuwa yenyewe maadamu anayepokea amesimama kando ya anayekabidhi. Shule huishi hivyo. Lugha huishi hivyo. Na taifa pia, ambalo raia wake wote hubadilika katika karne moja, haliishi kwa njia nyingine.

Kwa hiyo mwalimu anapowasomea wanafunzi wake maneno ya wimbo wa zamani ili wauchambue, asiishie kusema kwamba ni wimbo wa bendi fulani. Awatajie aliyeutunga, aliyeuimba, na kama anawajua, waliopiga magita na tarumbeta. Na mwanafunzi ambaye nyumbani kwao yupo mzee anayebisha juu ya Msondo na Sikinde, akae naye, amwulize majina, ayaandike daftarini. Kazi hiyo ni ndogo, nayo haina budi kufanywa wakati mzee yupo.